Bandari ambayo Paulo hakuifikia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu juma hili ni Matendo ya Mitume 27, hasa mstari wa 8 hadi wa 13. Mwenye Biblia karibu aifungue, maana nitazunguka humo humo hadi mwisho.

Kusini mwa kisiwa cha Krete, nchini Ugiriki, kuna kijiji kiitwacho Loutro. Barabara haifiki. Milima ya Lefka Ori, ambayo kilele chake Pachnes kina mita 2,453, inaporomoka moja kwa moja hadi majini, na kijiji kimebanwa pale chini kwenye ukingo wa ghuba ndogo: nyumba nyeupe, madirisha ya buluu, ufuo wa kokoto, basi. Unafika kwa meli ndogo kutoka Chora Sfakion, au kwa miguu kwa njia nyembamba ya pembeni mwa jabali. Meli inateremsha ulimi wake wa chuma ufukweni, watu wanashuka na mabegi mikononi, ulimi unapandishwa, meli inaondoka. Kisha unagundua kwamba hakuna gari wala pikipiki. Zilizobaki ni kengele za mbuzi mlimani na vyombo vinavyooshwa jikoni kwa jirani.

Mimi na mume wangu tulikaa huko siku chache mwezi wa Mei. Asubuhi tulikuwa tunakula kitu wanachokiita sfakiani pita, kama chapati nyembamba iliyofichwa jibini laini ndani na kumwagiwa asali juu. Ukimaliza kula, mwenye mgahawa anakuletea glasi ndogo ya raki, pombe kali ya zabibu, bure, na anaumia kweli ukikataa. Tulijifunza kuomba chai ya majani ya mlimani badala yake, na amani ikarudi.

Nawaelezea hayo kwa sababu kijiji hiki kimo kwenye somo letu. Wachunguzi wengi wa Biblia wanaona kwamba hapa, au kwenye ghuba ya upande wa pili wa rasi ambayo hadi leo wenyeji huiita Finikas, ndipo ilipokuwa Foinike ya mstari wa 12. Ni ile bandari ambayo merikebu ya Paulo iling'oa nanga kuifuata, na haikuifikia.

Turudi nyuma kidogo. Paulo ni mfungwa anayepelekwa Rumi, chini ya akida, yaani ofisa wa jeshi la Kirumi, aitwaye Yulio. Merikebu imetoka Iskanderia, ina shehena ya ngano na watu 276. Upepo umewapinga tangu mwanzo, wamejikokota pwani ya kusini ya Krete hadi wakafika mahali paitwapo Bandari Nzuri. Luka, mwandishi wa Matendo, anasema siku za saumu zilikuwa zimekwisha kupita, yaani saumu ya Wayahudi ya Siku ya Upatanisho, kwa hiyo ilikuwa majira ya vuli na bahari ya Mediterania ilikuwa inaelekea kufungwa. Mabaharia wa zamani walipaki vyombo vyao wakati wa baridi wakangoja masika. Kila mtu mle merikebuni alijua kwamba safari ya Rumi mwaka ule haiwezekani. Watapumzika Krete miezi kadhaa. Shauri lililobaki lilikuwa moja tu: wapumzikie wapi?

Paulo anasema, tukae hapa hapa.

Bandari Nzuri ipo hadi leo, inaitwa Kali Limenes, na jina lake limeipendelea. Ni ghuba iliyo wazi kwa pepo za upande wa mashariki, ina vijumba vichache, na mbele yake kuna kijisiwa kilichojaa matangi ya mafuta ya meli. Wakati wa Paulo matangi hayakuwapo, lakini Luka mwenyewe anakiri kwamba haikuwa bandari ya kufaa kukaa wakati wa baridi. Foinike ilikuwa bora kweli. Hata leo mtu akinipa nichague pa kukaa likizo kati ya hizo mbili sitamkawiza. Na haikuwa mbali: kwa njia ya bahari ni kama kilomita 70 hivi, safari ya siku moja upepo ukiwa mwema. Nahodha alisema twende, mwenye merikebu akasema twende, wengi wakasema twende, na yule akida akawasikiliza.

Mimi siwalaumu. Nimesikia mahubiri yanayowageuza watu hawa kuwa mfano wa ukaidi na tamaa ya anasa, na sioni hilo kwa Luka. Walikuwa mabaharia, walijua bandari, na walipendekeza iliyo salama zaidi. Kinachonisimamisha ni mstari wa 13. Upepo wa kusini ukavuma kidogo, nao wakadhani wamekwisha pata walichokusudia. Bado wako Bandari Nzuri wakati huo, nanga ndiyo kwanza inapanda, lakini moyoni wamekwisha fika. Wamekwisha nyoosha miguu Foinike. Muda si mrefu upepo wa tufani ukashuka kutoka milimani, ule ambao Luka anauita Eurakilo, wakakokotwa hadi chini ya kisiwa cha Kauda, kisha bahari kuu. Kauda ndiyo Gavdos ya leo, na kukiwa na anga safi unaiona kutoka juu ya Loutro, mstari wa buluu iliyokolea kidogo kuliko bahari. Nilikaa nikaitazama sana. Watu wale walipita nyuma ya kile kisiwa, huku bandari waliyoitaka ikiwa upande wao wa kaskazini, karibu hivyo, na hawakuweza kugeuza chombo.

Sasa tujiulize, maana hii ndiyo sababu ya kuwaandikia. Kila mmoja wetu ana Foinike yake. Nyumba ikiisha nitapumzika. Mtoto wa mwisho akimaliza chuo nitapumzika. Deni la SACCOS likiisha, kiinua mgongo kikitoka, karatasi za ukaazi zikikamilika. Mahali hapo mara nyingi ni pazuri kweli, si ndoto ya mjinga. Tatizo ni kwamba tunakataa kupumzika popote kabla ya kufika hapo. Jioni ya leo, yenye umeme unaokatika na jirani mwenye redio, tunaiona kama Bandari Nzuri: haifai, tutapumzika mbele. Paulo alikuwa na ujasiri wa kuwaambia watu waliochoka kwamba hapa pasipovutia panatosha.

Na bandari zenyewe hazikai. Mwaka 365 tetemeko kubwa liliinyanyua pwani ya magharibi ya Krete, sehemu nyingine kwa kama mita 9. Bandari za kale za upande huo ziliachwa juu ya maji, na ukiwa mtazamaji mzuri unaona kwenye majabali alama bahari ilipokuwa inafika zamani. Na jambo jingine lililonichekesha: Foinike ilitafutwa kwa ajili ya kukaa wakati wa baridi, lakini Loutro ya leo wakati wa baridi karibu kila kitu kinafungwa. Hoteli zinafungwa, viti vinapangwa ndani, wenyeji wengi wanahama, wanabaki wachache na mbuzi. Ukija na merikebu yako mwezi wa Januari hutapata hata wa kukukaangia yai.

Wapo watakaosema, mama, wengi wetu hatutafika Krete, unatusimulia ya nini? Ni kweli, na ndiyo maana nawaomba muweke Marko 6:31 pembeni ya somo hili. Mitume wametoka kazini, watu wanakuja na kuondoka hata nafasi ya kula haipo, Yesu anawaambia, “Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo.” Wanapanda mashua. Mnakumbuka kilichotokea? Watu waliwaona, wakakimbia kwa miguu kutoka miji yote, wakatangulia kufika. Mashua inatia nanga, ufukweni kuna umati unangoja, na siku ile inaishia kwa kugawa mikate kwa watu elfu tano. Faragha waliyoahidiwa hawakuipata pale walipokuwa wanakwenda. Lakini hebu fikirini ule muda wa majini. Hakuna mgonjwa, hakuna swali, wako na Bwana wao ndani ya chombo kimoja na upepo usoni. Kama kuna aliyesema moyoni “ngoja tufike ndipo nipumzike,” huyo hakupumzika kabisa siku ile.

Kwenye njia ya miguu ya kwenda Loutro kuna ufuo uitwao Glyka Nera. Unachimba kokoto kwa mkono, hatua chache tu kutoka mawimbi ya chumvi, shimo linajaa maji matamu, baridi ya kuuma meno. Mvua na theluji ya milimani huzama kwenye miamba ya chokaa, hupita chini kwa chini, na kutokea pale ukingoni mwa bahari. Tulikuwa tumechoka, jua limesimama, na nusu ya safari bado. Tulikunywa tukajaza chupa. Alama ya bomba hakuna; asiyeambiwa anapita akiwa na kiu, juu ya maji.

Niseme pia neno kuhusu wanaotupumzisha. Ugiriki ina saa za utulivu kwa mujibu wa sheria: wakati wa joto, kuanzia saa 9:00 alasiri hadi saa 11:30 jioni, hutakiwi kupiga kelele za kumsumbua jirani. Nililipenda sana jambo hili, kwamba usingizi wa jirani unalindwa na serikali. Lakini katika saa hizo hizo kijana wa mgahawa alikuwa bado anakimbia na sinia, kwa sababu sisi wageni tunakula saa yoyote. Kumbukumbu la Torati 5:14 linapoamuru Sabato, linataja mtumishi na mjakazi kwa makusudi, wapumzike kama wewe mwenyewe. Linataja hata punda. Baadhi ya wanaosoma tafakari hii wana dada zao wanaofanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba, Uarabuni, na wanajua maana ya juma lisilo na siku hata moja ya kupumzika. Wengine wana binti anayewasaidia hapo nyumbani, analala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Nawaomba Jumapili hii mkae mzungumze naye juu ya siku yake, na mumwulize yeye anataka iwe lini.

Nimalizie na wale wa merikebuni, maana nimewaacha kwenye tufani. Siku ya kumi na nne, kabla ya kupambazuka, hawajala kitu, Paulo anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega na kuanza kula. Hapo hapo, chombo kikiyumba, hakuna bandari yoyote. Wote wakachangamka, wakala. Nadhani ule ndio mlo wa kwanza wa mapumziko katika safari nzima, na ulitangulia nchi kavu.

Kisha merikebu ikavunjika, wakaogelea, wengine wakashika mbao, na wote wakafika salama Melita, yaani Malta. Mvua inanyesha, baridi kali. Wenyeji, ambao hawakuwajua, wakawasha moto, wakawakaribisha wote 276, wafungwa kwa askari. Wakakaa kisiwani miezi mitatu. Baridi ile ile waliyopanga kuipitisha Foinike wakaipitisha kwa watu ambao jina la kisiwa chao hawakulijua hadi walipokwisha kanyaga nchi. Na angalieni Matendo 28:3 inavyomwonyesha Paulo. Amelowa, ametoka majini, ni mfungwa, ni mtu wa makamo. Wengine wameuzunguka moto. Yeye anaokota kuni.

Tuombe.

Baba, tunakushukuru kwa bahari na kwa mikono iliyotupikia. Uwakumbuke walio njiani usiku huu, mabaharia, madereva wa malori, na wale wanaovuka Mediterania kwa vyombo vibovu, ambao pwani hizi hizi za Krete ndizo zinazowapokea. Wapatie watu wa kuwawashia moto. Uwape usingizi wanaouguza wagonjwa, na mama aliyejifungua juma hili katika jumuiya yetu. Nasi utupe jioni ya leo. Kwa jina la Yesu, amina.