Ukurasa wa Maswali ya Wenye Chama

Jumapili usiku, Nairobi.

Kazi iliyozijaza jioni zangu tangu mvua zianze ni kuandika ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu programu yetu huria ya kuweka hesabu za vyama. Programu yenyewe si kubwa. Inaandika michango, mikopo, faini na zamu za mzunguko, inafanya kazi bila intaneti hata kwenye kompyuta kuukuu, na inatunzwa na watu wachache ambao mchana wana ajira nyingine zinazowalipia kodi ya nyumba. Vyama vinavyoitumia viko Umoja, Kayole, Githurai na kwingineko tusikokujua, kwa kuwa mtu akishaipakua hana wajibu wa kutuarifu.

Rasimu tuliyokuwa nayo iliandikwa na mwenzetu mmoja mwenye bidii, na karibu maswali yake yote yalikuwa ya kubuni. Ilieleza kwa nini tulichagua lugha ya kompyuta ya Python, jinsi ya kuiandaa kompyuta kwa ajili ya kuandika msimbo, yaani maagizo yanayoiunda programu, na namna ya kutuletea marekebisho. Hayo yana mahali pake, nami nimeyahamishia kwenye mwongozo wa wachangiaji, lakini mweka hazina anayejiandaa kusoma hesabu mbele ya wanachama 30 hana haja na Python. Nikaamua kupitia ujumbe wote tuliowahi kutumiwa kwa WhatsApp na kwa barua pepe, nikanakili kila swali kwa maneno ya mwulizaji mwenyewe, kisha nikafuta majina, namba za simu na kiasi chochote cha pesa kilichotajwa.

Desturi hii ilianza hivyo hivyo. Katika miaka ya 1980, kabla tovuti hazijakuwapo, watu waliokuwa wakijadili mambo ya anga kupitia orodha za barua pepe zilizohusishwa na NASA walichoka kujibu yaleyale kila walipoingia wageni, wakaandika majibu ya pamoja na kuyasambaza upya kila baada ya muda. Maswali yalitangulia, ukurasa ukafuata. Siku hizi miradi mingi huuandika ukurasa huo siku ya uzinduzi, kabla mtumiaji wa kwanza hajajitokeza, na ndiyo maana kurasa nyingi za aina hii husomeka kama matangazo yaliyowekewa alama za kuuliza.

Swali lililojirudia kuliko yote halikuhusu hitilafu. Lilikuwa hili: "Mbona ni ya bure, nyinyi mnapata nini?" Anayeishi Nairobi hawezi kulishangaa. Wako wengi hapa waliowahi kupakua programu ya mikopo kwenye simu, ikasoma orodha yote ya watu waliomo, na walipochelewa kulipa, wakwe, mashemeji na waajiri wao wakapigiwa simu. Sheria ya Kulinda Data ilipitishwa mwaka wa 2019, na kanuni za Benki Kuu kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zikatoka mwaka wa 2022, lakini mtu aliyekwisha kuaibishwa mbele ya mama mkwe hatulizwi na kifungu cha sheria. Jibu la swali hili nimeliandika na kulifuta kuliko mengine yote. Haitoshi kumwambia mtu kwamba msimbo uko wazi na anaweza kuukagua, maana hawezi kuusoma, naye anajua kwamba tunajua hawezi. Jibu lililobaki linamwelekeza kwenye jambo analoweza kulijaribu mwenyewe: aikate kompyuta kwenye intaneti, afungue programu, aandike mchango, na ataona kazi inaendelea kama kawaida, kwa sababu rekodi zote zimo katika faili iliyo kwenye kompyuta yake. Linasema pia kwamba programu haigusi pesa. Pesa hubaki M-Pesa au benki, na sisi tumetengeneza daftari tu. Kuhusu tunachopata, nimeandika hali ilivyo: hatulipwi, baadhi yetu ni wanachama wa vyama vinavyoitumia, na tulichoka kujumlisha kwa mkono.

Suala la leseni lilinifundisha kuusikiliza upande wa mwulizaji. Tunatumia leseni ya programu huria iitwayo GPL, toleo la 3, iliyotolewa mwaka wa 2007, na hakuna aliyewahi kutuuliza inasema nini. Walichouliza ni hiki: "Kijana wa saiba ametutoza pesa kutuwekea, je, ametuibia?" Sentensi ya kwanza ya jibu inasema hapana. Leseni inamruhusu mtu kutoza pesa kwa kazi ya kusakinisha, na hata kuuza nakala, mradi anayeipokea apate pia msimbo wake na haki ya kuubadilisha na kuusambaza kwa masharti yaleyale. Chama kikimlipa fundi abadilishe kitu kwa matumizi ya chama chenyewe, hakilazimiki kuyatangaza mabadiliko hayo. Nimeishia hapo. Mwenye hamu ya kuisoma leseni nzima atakuta kiungo chake, na nadhani atakuwa mwanasheria.

Kulikuwa na swali jingine ambalo halimo tena kwenye ukurasa, nami nalifurahia kuliko yaliyomo. "Mbona namba za simu zimekosa sifuri ya mbele?" Orodha ya wanachama inapofunguliwa kwa Excel, 07 huchukuliwa kuwa mwanzo wa tarakimu za kuhesabia, sifuri hudondoshwa kwa kuwa haiongezi thamani, na namba ya tarakimu 10 hurudi kwetu ikiwa na 9. Jibu lake lilikuwa refu, lenye hatua za kubadilisha aina ya safu kabla ya kuingiza data, na kila nilipolifupisha liliacha kueleweka. Wakati huo nikajiuliza kwa nini tunamtwika mweka hazina mzigo ambao kompyuta ingeweza kuubeba. Katika safu ya simu za Kenya, tarakimu tisa zinazoanza na 7 au 1 ni namba iliyopoteza sifuri, basi. Mwenzetu akaandika marekebisho, programu ikaanza kuirudisha sifuri yenyewe, nami nikalifuta swali. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na tangu hapo kila swali jipya nalipima kwanza kwa kipimo hicho: je, linahitaji jibu, au programu ndiyo inayohitaji tiba? Ukurasa unaorefuka kila mwezi kwa maelezo ya namna ya kuzikwepa kasoro zetu wenyewe hauwezi kuitwa msaada.

Si maswali yote yanayotibika hivyo. Watu wataendelea kunakili faili kwenye flashi kwa mkono, kisha waulize kwa nini michango ya leo haimo. Rekodi zetu zimo katika SQLite, chombo cha kuhifadhi data ndani ya faili, na kwa mpangilio tulioutumia, maandishi mapya hukaa kwanza katika faili ndogo ya pembeni kabla ya kuhamishiwa kwenye faili kuu, kwa hiyo anayenakili faili kuu peke yake programu ikiwa wazi huenda akayaacha nyuma. Jibu linaanza na la kufanya: bonyeza kitufe cha Hifadhi Nakala. Sababu inafuata chini, kwa anayeitaka.

Kuhusu umbo la ukurasa sina mengi. Wengi wataufungua kwa simu, kwa bando wanazozinunua kidogo kidogo, kwa hiyo ni maandishi matupu bila picha, na kila swali lina kiungo chake ili katibu aweze kumtumia mwanachama jibu moja tu kwa WhatsApp. Chini ya kila jibu nimeandika toleo la programu linalohusika na tarehe ya kulipitia, maana jibu la zamani linaloonekana jipya hupoteza watu kuliko kutokuwapo kwa jibu.

Yalibaki maswali mawili mazito. La kwanza liliulizwa na mama mmoja wa Kayole ambaye ni mweka hazina wa chama chao tangu kianzishwe: "Mwanangu, mkichoka mkaacha, sisi tutabaki wapi?" Mwenzetu alitaka tumpe mfano wa LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, iliyozaliwa mwaka wa 2010 watu walipouchukua msimbo wa OpenOffice.org na kuuendeleza kwa jina jingine. Mfano ni wa kweli, nami nimeuweka, ila katika aya ya pili. Aya ya kwanza inamwambia mama jinsi ya kuzitoa rekodi zake zote leo hii katika faili ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, inayofunguka kwenye Excel au LibreOffice, na kwamba hata tukiacha, nakala aliyo nayo haitajifunga.

La pili ni hili: "Mweka hazina akifuta malipo, tutajuaje?" Programu huweka kumbukumbu ya kila badiliko na saa lilipofanywa, na ingekuwa rahisi kuishia hapo. Lakini mwenye kompyuta na ujuzi wa kutosha anaweza kuibadilisha faili yenyewe, na ukurasa unaoficha jambo hilo ungewafanya wanachama waache kuuliza mikutanoni. Nimeandika kwamba programu haichukui nafasi ya kusoma hesabu kwa sauti mbele ya wote, na kwamba kila mwanachama achapishiwe taarifa yake kila mwisho wa mwezi, ailinganishe na ujumbe wa M-Pesa uliomo katika simu yake mwenyewe. Mwenzetu anaona jibu hilo linaipunguzia programu yetu heshima. Tutalijadili Jumatano, kwa sasa nimeliweka la kwanza kabisa, juu ya hilo la bure.