Chupa ya Vimulimuli

Mwaka ule nilikuwa mgeni mashariki mwa Marekani, na jioni za Julai hazikunikuta ndani. Siku moja nilitoka na chupa tupu ya jamu, nikakamata vimulimuli sita. Watano walikuwa wadogo, wa kuruka chini chini, kila mmoja akichora mwanga wa manjano uliopinda juu kama ndoana. Wa sita nilimtoa kwenye nyasi: mkubwa, miguu mirefu, mwanga wa kijanikijani. Nikadhani ni mama yao! Nikawafungia pamoja, nikatoboa kifuniko, nikalala.

Asubuhi wadogo walikuwa wawili. Chini ya chupa palikuwa na mabawa na vipande vya magamba. Kwanza nililaumu joto, kisha matundu ya kifuniko. Mkubwa alikuwa ametulia kwenye kioo, ameshiba.

Jamaa mmoja aliyesomea wadudu alinipa lenzi, akaniambia nitazame shingo. Wale wadogo, kwa jina la kitaalamu Photinus pyralis, wana ngao ya rangi ya waridi yenye doa jeusi katikati, na imefunika kichwa chote. Huyu mkubwa kichwa chake kilichungulia mbele ya ngao, macho yamemtoka, mgongo umepinda kama wa mtu aliyebeba gunia. Kwenye mabawa ya juu, yaliyo laini kuliko ya mbawakawa wengine, ulipita mstari hafifu wa mshazari.

"Hiyo ni jenasi Photuris, kundi jingine la vimulimuli," akasema. "Na huyo ni jike."

Kumbe tangu 1965 mtafiti James Lloyd alikuwa ameshaeleza hila yao. Dume wa Photinus hupita akimulika, jike wake humjibu kutoka kwenye nyasi baada ya kama sekunde mbili. Jike wa Photuris huliiga jibu hilo. Dume akishuka kuposa, analiwa. Tena hatafuti nyama tu: ndani ya Photinus mna sumu chungu, na akishaila humkinga yeye mwenyewe na buibui.

Wawili waliosalia niliwaachia mchana ule ule, mbali. Yeye nilimrudisha jioni kwenye nyasi zake, nikachuchumaa. Dume akapita, akachora ndoana. Nikahesabu moja, mbili. Nyasi zikajibu. Huenda alikuwa mchumba wa kweli. Kwa macho yangu tofauti haikuwepo. Dume akageuka, akaanza kushuka.