Anza na ubani, udi baadaye

Mdogo wangu anataka kuanza kufukiza, kaniuliza aanze na kipi, ubani au udi. Ubani, nikamwambia. Hapa Maskati, kwenye soko la Matrah, ubani wa Dhofar, kusini mwa Oman, huuzwa kwa daraja. Ule unaoelekea ukijani, hojari, ndio ghali na ndio niupendao. Kaa la moto liache mpaka livae jivu jeupe, ndipo utie punje mbili kwenye chetezo. Likiwa jekundu mno ubani huungua, ukabaki na moshi wa kukohoza wageni. Nguo zifukize zikiwa na unyevu kidogo, harufu hushika. Mafuta ya udi, tone moja nyuma ya masikio, basi. Udi wa vipande? Ngoja mshahara! Na muuzaji anayekwambia “asilia” kabla hujamuuliza, mpite.