Msongo wa Kazi Haupandi kwa Ngazi za Cheo

Watu wa kazi mbalimbali wakikutana, haupiti muda kabla hawajaanza kushindana nani anachoka zaidi, na mara nyingi ushindi humwendea mwenye cheo: mkurugenzi asiyezima simu, daktari bingwa wa upasuaji, rubani aliyebeba roho za abiria. Sibishi kwamba kazi hizo ni nzito. Ninachokibisha ni dhana kwamba msongo huongezeka kadiri cheo kinavyopanda, kwa kuwa ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya nusu karne unaelekea kwingine kabisa.

Mwaka 1967 ulianza utafiti uliowafuatilia wanaume wapatao 18,000 waliokuwa watumishi wa serikali mjini London. Hawakuwa wachimba migodi wala wapagazi wa bandarini. Hata hivyo, wale wa ngazi ya chini kabisa, wakiwamo matarishi na mabawabu, walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kilichokaribia mara tatu ya kile cha wakuu wao, na sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 chini ya mtafiti wa afya Michael Marmot na kuwahusisha wanawake pia, ulionyesha kuwa mtu asiye na sauti katika namna kazi yake inavyofanyika yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuugua moyo.

Kabla ya hapo, mwaka 1979, mtafiti wa masuala ya kazi Robert Karasek alikuwa amependekeza kwamba kazi ipimwe kwa mambo mawili kwa pamoja: kiasi inachomdai mtu, na uhuru alio nao wa kuamua ataitekeleza vipi. Kinachoumiza zaidi ni madai makubwa yanapokutana na uhuru mdogo. Daktari bingwa anadaiwa mengi, lakini ndani ya chumba cha upasuaji neno lake ndilo linalofuatwa.

Mlinganishe na mhudumu wa wateja kwa njia ya simu. Niliwahi kukaa karibu na mmoja wao akiwa zamuni, na kilichonishangaza si wingi wa simu bali saa ndogo iliyokuwa pembeni mwa skrini yake, ikihesabu sekunde za kila mazungumzo na kubadilika rangi akizidisha muda aliopangiwa. Maneno ya kumwambia mteja alikuwa ameandikiwa. Kwenda msalani kulihitaji kubonyeza kitufe kinachomjulisha msimamizi. Mteja mmoja alimtukana kwa kosa la idara ambayo yeye hajawahi hata kuiona, naye akajibu kwa sauti ileile ya upole, kisha simu iliyofuata ikaingia yenyewe kabla hajameza mate. Ukimwuliza mtu wa nje, atakuambia hiyo ni kazi ya kukaa kwenye kiti tu.

Upole huo nao ni kazi, ingawa hauonekani kwenye hati ya malipo. Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliueleza mwaka 1983 alipowachunguza wahudumu wa ndege, wanaolipwa ili watabasamu, na wadai madeni, wanaolipwa ili wawe wakali. Wote wawili wanauza hisia wasizokuwa nazo. Wauguzi na walimu wanaifahamu hali hiyo vizuri kuliko mimi.

Lazima niwatendee haki wakubwa pia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Mishipa ya damu haiulizi cheo, na meneja anayejibu barua pepe usiku wa manane yumo hatarini. Ila yeye, angalau mara nyingine, anaweza kuahirisha kikao. Mlinzi wa usiku na dereva wa masafa marefu hawana kikao cha kuahirisha.

Ndiyo maana hunikera kuona waajiri wakiwaita wafanyakazi waliochoka kwenye semina ya kuvuta pumzi, ilhali ratiba ya zamu imebaki vilevile. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kupindukia utokanao na kazi kuwa ni hali ya mahali pa kazi, wala halikuuorodhesha kuwa ugonjwa wa mtu binafsi. Kwa mhudumu yule wa simu, kuizima saa iliyo kwenye skrini na kumpa dakika mbili baada ya kila mteja mkali kungemfaa kuliko semina yoyote, na uamuzi huo haumo mikononi mwake.