Batiki ya kioo

Mama alikuja kunitembelea London nikiwa bado nasoma. Jumamosi moja nikamkokota hadi Tudeley, kijiji cha Kent karibu na Tonbridge, tukaone madirisha ya vioo vya rangi ya mchoraji Marc Chagall kwenye kanisa la huko. Njia nzima alikuwa amenuna. "Kanisani nikafanye nini miye?" Tulipofika akavua viatu mlangoni kwa mazoea. Nilipomwambia humu watu huingia navyo, akaniangalia tu, akapita na soksi.

Dirisha kubwa liko nyuma ya altare, buluu tupu. Nilikuwa nimejisomea wiki nzima ili nimsimulie, sikupata nafasi. Alisogea, akanyoosha kidole chini kabisa, pale binti anapoelea kwenye mawimbi.

"Huyu kafa maji."

Ndivyo. Sarah d'Avigdor-Goldsmid alikuwa na miaka 21 alipokufa kwa ajali ya mashua baharini mwaka 1963. Wazazi wake, baba Myahudi na mama Mwanglikana, walimwomba Chagall, naye Myahudi, awafanyie dirisha la kumkumbuka. Alipokuja kuliona mwaka 1967 akalipenda kanisa, akasema atayafanya madirisha yote. Sasa yako 12.

Hayo Mama hakuyasikiliza. "Mamake yuko wapi?" Akamtafuta mwenyewe mpaka akampata, kakumbatia watoto wawili. Akaifuata ngazi kwa macho hadi juu, kwa Yesu msalabani, akanyamaza.

Halafu akauliza rangi gani hiyo isiyotoka kwa mvua. Hapo nikapata la kusema. Rangi imo kwenye kioo chenyewe, utando mwembamba juu ya kioo cheupe. Charles Marq, fundi wa Reims aliyekuwa akimtengenezea Chagall vioo, aliula utando huo kwa tindikali: ikikaa kidogo buluu inapauka, ikikaa sana panabaki peupe. Ndiyo maana kipande kimoja kinatoka usiku wa manane hadi alfajiri bila kukatwa. Mistari minene ni madini ya risasi yanayoshika vipande. Ile myembamba, ya uso na vidole, ni rangi nyeusi iliyopakwa kwa brashi ikachomwa tanurini.

"Na pale asipotaka paliwe?"

"Hupafunika kwanza, tindikali isipaguse."

"Basi si batiki hiyo!"

Ada yangu ya shule ilitoka kwenye masufuria yake ya nta, kule Tanga, na mimi sikuwahi kuliona hilo. Akaanza kukikagua kioo kama anavyokagua doti la mwanafunzi wake, pua karibu iguse dirisha la pembeni. "Hapa imevuja. Kaona, kaiacha." Akatikisa kichwa. "Fundi huyu."

Jua likatoka mawinguni. Buluu ikamwagika sakafuni, ikafika kwenye soksi zake. Akarudi nyuma hatua mbili, akaketi kwenye benchi la mbele, mkoba mapajani, macho kwa yule binti.

Treni ya saa tisa ikatupita.