Kumbe Fisi alisingiziwa

Jana usiku hapa Nkuhungu, Dodoma, mpwa wangu kafungwa kwa mara ya kwanza kwenye karata zangu nilizotunga, zile za viumbe vya Ugogo, na mimi nina furaha hadi nashindwa kulala. Sio kwa sababu nimemfunga. Ni kwamba wiki tatu nzima huu mchezo ulikuwa na ugonjwa na sikujua uko wapi.

Kwa ambao hamjaucheza, unalipia karata kwa matone ya mvua, raundi ya kwanza una tone moja, ya pili mawili, inapanda hivyo hivyo. Nilitaka mvua iwe ndo pesa maana huku kwetu inanyesha Desemba mpaka Aprili basi, kila mtu anaihesabu.

Sasa dogo alikuwa anashinda kila siku na anayekumaliza ni Fisi Mweusi, matone mawili, anapiga nne. Nikamshusha apige tatu, dogo akashinda. Nikampandisha bei matone matatu, dogo akashinda tena! Ndo nikachukua daftari nikawa naandika kila karata anayoshusha, na raundi ya nne nikaona mimi nina karata mbili mkononi yeye ana saba. Saba jamani. Kumbe ni Kibuyu cha Bibi: tone moja, lamba karata tatu. Nilipokitunga nilikiona cha upole kabisa, hakimuumizi mtu, hata mchoro wake ni kile kibuyu cha maziwa cha bibi yangu Mpwapwa kilichopasuka shingoni.

Na hili lilishawatokea wakubwa. Magic: The Gathering, mchezo wa karata wa Richard Garfield, ilipotoka 1993 ilikuwa na karata tano za ukoo mmoja, kila moja unalipa mana moja (mana ndo pesa yao, kama matone yangu) unapata tatu ya kitu fulani. Lightning Bolt inapiga tatu, Giant Growth inamuongezea kiumbe tatu za kupiga na tatu za uhai, Dark Ritual inakupa mana tatu, Healing Salve inaponya tatu, Ancestral Recall unalamba karata tatu. Ukizisoma unaona zimelingana, lakini Healing Salve wachezaji wanaipita tu, na Ancestral Recall ikawekewa kikomo mapema kabisa, moja tu kwenye deki, yaani fungu la karata unalochezea, wakati karata za kawaida unaruhusiwa nne. Kwa sababu ukipiga tatu umepiga, imeisha, ila ukilamba tatu ndani yake kuna wa kupiga, kuna wa kuponya, na pengine kuna kibuyu kingine, unaanza upya.

Nikajaribu Kibuyu kwa matone matatu, hapo hakuna aliyekigusa, kikawa kinakaa mkononi kama mzigo, na karata ya hivyo naichukia kuliko hata yenye nguvu kupita kiasi. Mwisho nikaweka tone moja, lamba mbili, tupa moja. Dogo jana kakishika muda mrefu anaangalia atupe Mganga au atupe Nyoka, akamtupa Nyoka, raundi mbili mbele akawa anamhitaji yule yule Nyoka. Akaniambia, "Anko, hii sasa inauma."

Leo jioni napita stationeri kununua manila, nakata Fisi wapya wanne. Matone mawili, anapiga nne, kama alivyokuwa.