Kaunta buku ya benki ya damu

Mi ni mtu wa maabara, hospitali ya wilaya moja huku Iringa, jina silitaji maana bosi naye ana simu. Nilipokabidhiwa benki ya damu nilijua kazi ni kuangalia friji isome nyuzi kati ya 2 na 6, basi. Wiki ya tatu nikapeleka chupa nne kuchomwa, zimeekspaya, B na AB, halafu Ijumaa hiyohiyo usiku mkunga ananipigia, mama kajifungua damu haikati, grupu lake ni O, na wa O anapokea O tu, nafungua friji nakuta O moja. Moja! Mume na mashemeji wako nje wamekunja mikono tayari kutoa, lakini damu haitoki kwa shemeji ikaingia kwa mgonjwa hivihivi, kuna kupima ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende, halafu krosimachi, yaani kuona kama damu ya chupa inapatana na ya mgonjwa. Tukaazima O mbili hospitali ya misheni, dereva akarudi nazo alfajiri. Mama alipona. Mi ndo nilikaa na aibu, maana zile nne za B na AB wale wa misheni wangezipokea wiki moja kabla wakanipa O, sema sikuwahi hata kuuliza.

Jumatatu nikanunua kaunta buku. Kila chupa mstari wake, grupu, siku iliyotolewa, siku ya mwisho (damu nzima zetu zinakaa siku 35), inayokaribia kufa inakaa mbele kwenye shelfu. Nahesabu kabla ya chai. Chupa ikibakiza siku kumi na haina mwenyewe nampigia mwenzangu wa misheni, "kaka nina B mbili, una O?" Ndo biashara yetu hiyo, hela haihusiki.

Kazi ngumu ilikuwa kwa madokta. Mtu ana oparesheni ya wiki ijayo anaandikiwa chupa tatu, zinawekwa jina lake, oparesheni inaahirishwa, inaahirishwa tena, chupa zinakaa pale kama viti vya wageni rasmi huku wengine wanahangaika. Nikasema oparesheni ikiahirishwa au ikipita siku moja jina natoa, dokta mmoja alinijia juu mbele ya watu, nikamfungulia daftari akaona za kwake sita hazijaguswa mwezi mzima, akanyamaza. Na wodini wakichukua chupa naandika saa, ikikaa nje zaidi ya nusu saa siipokei tena hata sista anune vipi.

Wachangiaji sasa. Wengi wa kwetu ni wanafunzi, shule zikifungwa Juni na Desemba friji linalia. Nikafikiri nitajaza Novemba, wapi, hesabu mwenyewe hizo siku 35, Januari zimeshakufa. Ikabidi nitafute watu wazima wasioenda likizo: bodaboda, wapasua mbao, wachuma chai. Namba zao naziandika nyuma ya daftari kwa grupu na tarehe waliyotoa, mwanaume miezi mitatu ndo namwita tena, mwanamke minne. Simwiti mtu Jumatatu, hasa msimu wa mvua ulanzi, pombe ya mianzi, ukiwa mwingi. Kuna mzee mmoja wa O aliingia na harufu yake, "kamwene dokta, nimeonja tu," nikamwambia mzee wangu nenda kalale, uje Jumatano. Na Jumatano alikuja kweli, kavaa na koti.

Kuchoma bado nachoma, siwadanganyi, mwezi uliopita AB moja, hata misheni walikuwa nazo. Kwa O nimejiwekea zisishuke chini ya sita, nilipiga hesabu ya miezi mitatu nikaona wiki mbaya zinaondoka ngapi. Leo asubuhi zipo tano. Nimeshampigia yule mzee, kasema kesho mapema yuko getini, na hajagusa kitu tangu juzi.